Jinsi ya Kukifuata Kitabu cha Mwanao Hadi Austin

Mwongozo huu umeandikwa kwa mzazi anayezungumza Kiswahili na kuishi Texas, iwe Houston, Fort Worth au Abilene, ambaye mwanawe kila jioni anarudi na karatasi zilizotolewa nakala badala ya kitabu. Unamfaa pia shangazi aliyeko Goma au Mombasa anayeuliza kwenye simu kwa nini nchi yenye utajiri ule ina walimu wanaonunua penseli za darasa kwa mshahara wao. Mahitaji ni machache: kalamu, daftari, saa isiyochelewa, sweta, chakula cha siku nzima, na subira ya mtu aliyewahi kungoja faili lake katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma. Kama ulipita huko, kazi ngumu kuliko hii umeshaifanya. Sheria ya shule za Texas ni ndefu, lakini ina vifungu, ina namba, na inasomeka.

Mwache mwalimu

Mwalimu ndiye aliye karibu, kwa hiyo ndiye anayekaripiwa. Mwache. Hakupanga idadi ya vitabu, hakupanga idadi ya watoto darasani, wala hakupanga mshahara wake. Wenye kupanga wako Austin: wabunge 150 wa Baraza la Wawakilishi, maseneta 31, gavana, na Bodi ya Elimu ya Jimbo yenye wajumbe 15 wanaochaguliwa kwa kura, kila mmoja na eneo lake. Washington inachangia, ila mchango wake ni mdogo. Katiba ya Marekani haitaji elimu popote, na kazi hiyo imebaki mikononi mwa majimbo.

Bunge la Texas hukutana kwa kikao cha kawaida mara moja katika miaka 2, kuanzia Januari ya mwaka wenye namba witiri, kwa siku 140. Zikiisha siku hizo, mswada ambao haujapita umekufa, isipokuwa gavana aite kikao maalumu. Mzazi anayeanza kuulizia vitabu mwezi Agosti, shule zinapofunguliwa, anakuta mambo yalishaamuliwa Mei. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kalenda. Ibandike jikoni.

Ujue mwanao ameandikiwa shilingi ngapi

Kila wilaya ya shule hupangiwa kiasi fulani kwa kila mwanafunzi, nacho huitwa ruzuku ya msingi. Msomaji wa Kenya ataitambua mara moja: ni kapitesheni. Mwaka 2019 bunge liliiweka kuwa dola 6,160, kisha ikakaa hapo hapo miaka 6, korona ikaja ikapita, bei zikapanda kuanzia mafuta ya basi la shule hadi maziwa ya watoto. Mwaka 2023 hazina ya jimbo ilikuwa na ziada ya zaidi ya dola bilioni 32, na ruzuku haikuongezwa hata senti. Sababu yake nitaieleza huko mbele.

Mwaka 2025 ndipo ulipopita Mswada wa 2 wa Baraza la Wawakilishi, wenye takriban dola bilioni 8.5 kwa shule za umma. Sehemu kubwa ilikwenda panapostahili, kwenye mishahara ya walimu. Mwalimu mwenye uzoefu wa miaka 5 au zaidi katika wilaya yenye wanafunzi wasiozidi 5,000 aliongezewa dola 8,000 kwa mwaka, na mwenzake wa wilaya kubwa dola 5,000. Lakini ruzuku ya msingi yenyewe iliongezeka dola 55, ikawa 6,215. Nyongeza hiyo haifiki hata asilimia 1, wakati kufidia tu kupanda kwa bei tangu 2019 kulihitaji zaidi ya dola 1,000. Na ruzuku ya msingi ndiyo pesa ambayo wilaya ina uhuru nayo: ya umeme, ya bima, ya kuajiri mkutubi, ya kurekebisha paa. Pesa nyingine nyingi za sheria ile zimepangiwa kazi yake na haziguswi kwa shughuli nyingine. Ndiyo maana unasikia kwamba serikali imetoa mabilioni, halafu shule ya mtaani kwenu inatangaza kufungwa. Habari zote mbili ni za kweli.

Sasa kazi yako wewe mzazi: mpeleke mtoto shule, na umfikishe kwa wakati. Texas hailipi kwa idadi ya walioandikishwa. Inalipa kwa wastani wa wanaohudhuria kila siku, na kila shule ina saa yake rasmi ya kuita majina. Uliza ofisini ni saa ngapi. Mtoto aliyefika baada ya saa hiyo bila sababu inayotambuliwa atafundishwa vizuri tu, lakini kwenye hesabu ya pesa siku ile hakuwepo. Ukigawa ruzuku ya msingi kwa siku kama 175 za masomo, kila siku aliyokosekana ni karibu dola 35 ambazo shule haitaziona. Wimbi la homa likipita shuleni na watoto 100 wakalala nyumbani wiki nzima, fanya hesabu mwenyewe. Mwalimu, taa na basi gharama zake ziko pale pale.

Kwa maoni yangu mtindo huu unazionea shule za maskini, maana huko ndiko watoto wanakohamahama, wanakougua bila daktari, wanakobaki nyumbani kulea wadogo zao. Majimbo mengi ya Marekani huhesabu walioandikishwa, na Texas ingeweza kufanya hivyo kwa kubadilisha kifungu kimoja. Mpaka hapo, itumie sheria kama ilivyo, kwa kuwa ina upole ambao wazazi wetu hawaambiwi. Mtoto akienda kwa daktari asubuhi kisha akarudi darasani siku ile ile na cheti chake, anahesabiwa kuwa amehudhuria. Akikosa kwa sababu ya sikukuu ya dini yake, Idi ikiwemo, na mzazi akaandika barua mapema, anahesabiwa amehudhuria, pamoja na siku ya safari ikihitajika. Akienda kwenye ofisi ya serikali kukamilisha karatasi zake za uraia, au kwenye sherehe ya kula kiapo cha uraia, hivyo hivyo. Andika barua. Sentensi 2 zinatosha: jina la mtoto, tarehe, sababu, sahihi yako.

Usikifiche Kiswahili

Siku ya kuandikisha mtoto utapewa fomu inayouliza ni lugha gani inayozungumzwa nyumbani. Wapo wazazi wanaoandika Kiingereza wakidhani wanamlinda mtoto asitengwe. Andika Kiswahili. Kama nyumbani ni Kinyamulenge au Kibembe, andika hicho. Jibu hilo ndilo linalomfanya mtoto apimwe Kiingereza chake, na akionekana anahitaji msaada, uamuzi wa kumweka kwenye programu ya lugha unahitaji ridhaa yako. Akiwekwa, sheria inamwongezea sehemu ya kumi ya ruzuku ya msingi. Kwa dola 6,215, hiyo ni zaidi ya dola 620 kwa mwaka, na pesa hiyo ina jina lake: ya kumfundisha mtoto anayejifunza Kiingereza.

Kuna hesabu nyingine ambayo jamii zetu hazijaifanya. Sheria ya Texas inasema wilaya yenye wanafunzi 20 au zaidi wa lugha moja katika darasa la ngazi moja, wanaohitaji msaada wa Kiingereza, inatakiwa iwe na programu ya lugha mbili. Wanahesabiwa wilaya nzima, siyo shule moja. Wilaya inaweza kuomba isamehewe kwa kukosa walimu, na kwa Kiswahili itaomba. Hata hivyo watoto 20 wa darasa la kwanza ambao wazazi wao wote waliandika Kiingereza hawapo kabisa kwenye hesabu hiyo. Hawataombewa mwalimu, wala hakuna atakayelazimika kueleza kwa nini hayupo.

Kitabu chenyewe

Vitabu vya bure kwa shule za umma si hisani ya mtu. Wapiga kura wa Texas walibadilisha katiba yao mwaka 1918 ili jimbo liwape watoto vitabu bila malipo. Pesa yake inatoka kwenye Mfuko wa Kudumu wa Shule, ulioanzishwa mwaka 1854 kwa dola milioni 2 na ambao leo una zaidi ya dola bilioni 50, nyingi zikiwa zimetokana na ardhi ya umma na mafuta yaliyo chini yake. Kila baada ya miaka 2 sehemu ya faida hutengwa kwa vifaa vya kufundishia na teknolojia, kila wilaya ikapata mgao kulingana na idadi ya wanafunzi, kisha ikaagiza kupitia mfumo wa kompyuta wa jimbo unaoitwa EMAT. Pesa ya kishikwambi na ya kitabu inatoka chungu kimoja. Ndivyo ilivyo tangu 2011. Kwa hiyo ukiona shule imegawa vishikwambi na kusema vitabu vimekwisha, uliza mgao ule ulitumikaje. Wilaya inayo orodha ya kila ilichoagiza.

Kisha nenda kwa mwalimu mkuu na ombi la maandishi. Sheria ya Elimu ya Texas, kifungu cha 26.006, inakupa haki ya kuvikagua vifaa vyote ambavyo mwanao anafundishiwa. Inakupa pia haki ya kuomba mtoto arudi nyumbani na kitabu anachotumia darasani, na shule inapaswa kukubali kama nakala zipo. Kama nyumbani hamna kompyuta wala intaneti ya kutegemewa, shule inapaswa kumpa vifaa hivyo vikiwa vimechapishwa kwenye karatasi. Huhitaji wakili wala Kiingereza cha redioni. Taja namba ya kifungu, weka tarehe, baki na nakala. Katika ofisi nyingi za shule, barua yenye namba ya kifungu haibaki mezani muda mrefu.

Ukishakipata kitabu, kisome. Hili nalisisitiza kuliko yote. Mwaka 2015 mwanafunzi wa Pearland, kusini mwa Houston, alipiga picha ukurasa wa kitabu chake cha jiografia ya dunia, kilichochapishwa na McGraw-Hill, akamtumia mama yake. Palikuwa na ramani ya uhamiaji, na maelezo yaliyo juu yake yaliwataja Waafrika waliovushwa Atlantiki na kupelekwa kwenye mashamba ya kusini mwa Marekani kuwa ni wafanyakazi. Kana kwamba walipanda meli wakiwa na mkataba na siku ya mshahara. Mama yule akaupekua ukurasa mbele ya kamera, akaeleza kwa utulivu kasoro iko wapi, na watu wengi sana wakatazama. Kampuni ikakiri, ikarekebisha toleo la kidijitali, ikaahidi kuzipa shule nakala mpya au vibandiko vya kufunikia maandishi yale.

Kitabu kile kilipita kwa wachapishaji, wahariri na wakaguzi wa jimbo zima, na aliyeona kasoro ni kijana wa darasani. Kwa familia iliyotoka Kongo jambo hili si la mbali: idadi kubwa sana ya waliovushwa Atlantiki walichukuliwa pwani ya Kongo na Angola. Mtoto wako anaposoma ramani ile, anasoma habari za kwao. Mzazi aliyesoma hadi darasa la 7 anaweza kumwuliza mwanawe, "Hapa wanasemaje kuhusu Afrika?" na kumsikiliza anavyotafsiri. Huo ni ukaguzi kamili.

Wenyeji wa Texas wanalijua hili zamani. Mel Gabler, karani wa kampuni ya mafuta, na mkewe Norma walianza mwaka 1961 kusoma vitabu vya shule mezani kwao nyumbani katika mji wa Hawkins, mstari kwa mstari, wakiandika namba ya ukurasa ya kila walichokipinga. Walikuwa wahafidhina wakali, na mengi waliyoyadai siyaafiki hata kidogo. Lakini kwa miongo kadhaa wachapishaji wa Marekani waliwaogopa, kwa kuwa Texas ni soko kubwa na wao walikuja kwenye vikao wakiwa wamekisoma kitabu. Wapinzani wao mara nyingi walikuja na hasira peke yake. Sisi tusome.

Siku hizi uamuzi wa vitabu umerudi kwa nguvu mikononi mwa Bodi ya Elimu ya Jimbo. Sheria ya mwaka 2023, iliyoanza kama Mswada wa 1605 wa Baraza la Wawakilishi, iliipa bodi utaratibu mpya wa kukagua vitabu na kuviidhinisha, ikaliruhusu jimbo kuandikisha vitabu vyake lenyewe, na ikaweka motisha: wilaya inayochukua vifaa vilivyoidhinishwa hupata dola 40 kwa mwanafunzi kila mwaka, na ikichapisha vile vinavyomilikiwa na jimbo hupata nyingine 20. Tarehe 22 Novemba 2024 bodi iliidhinisha, kwa kura 8 dhidi ya 7, mtaala wa jimbo uitwao Bluebonnet Learning, ambao masomo yake ya kusoma kwa watoto wa chekechea hadi darasa la 5 yana hadithi kadhaa za Biblia. Wilaya hailazimishwi kuuchukua. Ila wilaya ambayo ruzuku yake imeongezwa dola 55, ikawekewa mezani dola 60 za kuchukua mtaala fulani, uhuru wake ni mwembamba. Naamini kuandika mtaala mzuri na kuutoa bure ni kazi halali ya serikali, na somo la hesabu la jimbo likiwa bora lichukuliwe kwa mikono 2. Kufunga pesa ya wilaya maskini kwenye hadithi za dini moja ni jambo jingine, na mzazi Mwislamu wa Houston, sawa na Mkristo anayetaka dini ifundishwe kanisani kwake, ana haki ya kuuliza wilaya yake imeamua nini, lini, na kwa kura ya nani.

Kura 8 kwa 7. Mjumbe mmoja tu angebadilika, matokeo yangegeuka. Mtafute mjumbe wa eneo lako kabla hujalala leo.

Namna ya kusoma mswada

Mswada wa Texas unatisha kwa urefu, lakini umeandikwa kwa alama zinazomsaidia msomaji. Maneno mapya yamepigiwa mstari chini. Maneno yanayofutwa yamewekwa kwenye mabano ya mraba na kukatwa katikati. Yaliyobaki ni sheria iliyokuwepo tayari. Kwa hiyo usianze ukurasa wa kwanza ukitiririka hadi wa 200. Ruka ruka: soma yaliyopigiwa mstari, soma yaliyokatwa, jiulize nani amepata na nani amenyang'anywa. Kisha fungua kiambatisho cha gharama, kinachoandaliwa na wataalamu wa bajeti wa bunge, uone mswada utagharimu kiasi gani kwa miaka 5. Hotuba zinaweza kuahidi lolote, kiambatisho kile kina namba.

Baada ya hapo, tazama mswada umefungwa pamoja na nini. Hapa ndipo ile ziada ya 2023 ilipopotelea. Gavana Greg Abbott alitaka vocha, yaani pesa ya umma impeleke mtoto shule binafsi, na nyongeza ya shule za umma ikawekwa ndani ya mswada mmoja na vocha hizo. Tarehe 17 Novemba 2023 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 84 dhidi ya 63 kuziondoa vocha. Wabunge 21 wa chama cha gavana mwenyewe, Republican, walikuwa upande wa kuziondoa, wengi wao wakitoka vijijini ambako shule ya umma ndiyo mwajiri mkubwa na uwanja wake wa mpira ndio baraza la mji. Vocha zilipoanguka, nyongeza ya walimu nayo ikaanguka. Machi 2024 gavana akawaunga mkono wapinzani wa baadhi ya wabunge wale kwenye kura za mchujo, kadhaa wakapoteza viti, na Mei 2025 akatia sahihi Mswada wa 2 wa Seneti: dola bilioni 1 za vocha, takriban dola 10,000 kwa mwanafunzi wa shule binafsi, hadi 30,000 kwa mwenye ulemavu, kuanzia mwaka wa masomo 2026.

Soma tena namba hizo mbili: 10,000 kwa yule, 6,215 ruzuku ya msingi kwa huyu. Watetezi wa vocha watakuambia kwamba mwanafunzi wa shule ya umma ana nyongeza nyingine juu ya ruzuku ya msingi, na wanasema kweli. Lakini shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto aliyeshuka ndege jana kutoka Bujumbura bila neno la Kiingereza. Shule binafsi inaweza. Pesa ya wote inapaswa kwenda kwanza pale ambapo wote wanapokelewa, na mpaka pale pawe na kitabu kwa kila mtoto, siioni sababu ya kuigawa.

Habari ya Edgewood

Mtu akikuambia mambo haya hayabadiliki, mpeleke magharibi mwa San Antonio. Mei 1968 wanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Edgewood, karibu wote wa asili ya Meksiko, walitoka madarasani na kuandamana kwa sababu ya madirisha yaliyovunjika, vyoo vibovu na walimu wasio na vyeti. Shule za Texas huishi kwa kodi ya ardhi na majengo ya eneo lake. Wakazi wa Edgewood walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali zao, na kodi hiyo ikazalisha dola 26 kwa mwanafunzi. Alamo Heights, mtaa wa matajiri wa jiji lile lile, walijitoza senti 85 tu na wakapata dola 333. Maskini walitoa zaidi, wakapata chini ya sehemu ya kumi.

Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati katika kambi ya jeshi la anga ya Kelly na baba wa watoto waliosoma Edgewood, alikwenda mahakamani na wazazi wenzake. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani iliwakatalia kwa kura 5 dhidi ya 4, ikisema elimu si haki ya msingi chini ya katiba ya taifa. Jaji Thurgood Marshall alipinga uamuzi huo. Wazazi hawakurudi nyumbani. Waliigeukia katiba ya Texas yenyewe, inayolitaka bunge liweke mfumo wenye ufanisi wa shule za bure, na mwaka 1989 Mahakama Kuu ya jimbo, majaji wote 9 kwa sauti moja, ikaamua kwamba bunge limevunja katiba. Wakati huo wilaya tajiri kuliko zote ilikuwa na mali ya kutozwa kodi mara 700 zaidi kwa kila mwanafunzi kuliko wilaya maskini kuliko zote.

Kutokana na kesi hiyo, mwaka 1993 ulikuja utaratibu ambao watu wa Texas huuita Robin Hood: wilaya tajiri hupeleka sehemu ya kodi yake kwa jimbo ili igawiwe wengine. Una kasoro zake. Nyumba za mtaani kwako zikipanda thamani, kodi ya eneo huongezeka na jimbo hupunguza mchango wake, kwa hiyo unalipa zaidi na shule haipati zaidi. Ulizia hilo kwenye mkutano. Lakini pengo la mara 700 lilizibwa kwa kiasi kikubwa na watu ambao hawakuwa na pesa wala vyeo, na iliwachukua zaidi ya miaka 20.

Siku ya kusema

Anza na bodi ya shule ya wilaya yako. Sheria ya Texas inaitaka imruhusu mwananchi kusema juu ya jambo lililo kwenye ajenda, kabla au wakati linapojadiliwa. Ajenda hutangazwa siku kadhaa mapema. Na hapa pana kifungu kilichoandikwa kana kwamba walituona tunakuja: mtu anayesema kupitia mkalimani lazima apewe angalau mara 2 ya muda wanaopewa wengine, isipokuwa tu kama kuna vyombo vya kutafsiri papo kwa papo. Wengine wakipewa dakika 3, wewe zako ni 6. Njoo na binti yako wa sekondari atafsiri, na sema Kiswahili chako chote.

Austin ni kazi ya siku nzima. Ukifika kwenye jengo la bunge kwa kikao cha kamati ya Baraza la Wawakilishi, unajiandikisha pale pale kwenye kompyuta: jina, mswada, unamwakilisha nani, na kama unaunga mkono, unapinga au unaeleza tu. Kama unajisemea mwenyewe, jaza hivyo. Halafu unangoja. Mswada wako unaweza kuitwa saa 4 asubuhi au saa 6 usiku, na vyumba vile vina baridi, ndiyo sababu ya sweta na chakula. Zamu yako ikifika utapewa dakika 2 au 3. Usizitumie kueleza historia ya elimu duniani. Sema wewe ni nani, mtoto wako yuko darasa la ngapi na shule gani, taja kifungu cha mswada, eleza kitafanya nini kwa mtoto huyo, sema unataka wafanye nini. Ukibaki na sekunde, wanyanyulie kile kitabu, au zile karatasi za nakala.

Asiyeweza kusafiri anaweza kupeleka maoni kwa maandishi. Aliye raia ana zaidi: kura ya mchujo ya Machi, ambako viti vingi vya Texas ndiko vinakoamuliwa kwa kweli, na kura za bodi ya shule, ambazo mara nyingi ni Mei na huvuta watu wachache mno. Kaya chache za kanisa moja au msikiti mmoja zikijitokeza pamoja, zinahesabika.

Miswada ya kikao kijacho inaanza kuwasilishwa tarehe 9 Novemba 2026, na kikao chenyewe kinafunguliwa tarehe 12 Januari 2027. Siku ya kwanza ya miswada, tafuta inayogusa kifungu cha 48.051 cha Sheria ya Elimu, maana hapo ndipo ruzuku ya msingi inapokaa, na uone wamepigia mstari kiasi gani.